Sato wa udongo wa kukaliwa na kupigwa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Sisi ni kikundi cha wafinyanzi saba, Kirumba, Mwanza. Kazi zetu ni vyungu, majiko na vyombo vya maua. Mtaa umetuomba tutengeneze sanamu ya sato ya udongo wa kuchoma, urefu mita mbili na nusu, ikae kwenye kibustani upande wa ziwani, watoto waichezee. Tulijaribu kwanza ndogo ya mita moja. Tuliijenga nene juu ya nondo ili iwe imara, ikalipukia tanurini. Sasa fundi ujenzi mmoja anatushauri tuachane na udongo, tumwage zege na kupiga rangi, maana anasema udongo hauhimili mvua wala watoto, na vitu vya hadharani vinaibwa. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba, na poleni kwa tanuri. Kabla ya sato mkubwa tumalizane kwanza na huyu mdogo, maana msipojua kilichomuua mtamlipua na kaka yake.

Kilichomuua ni vitu viwili mlivyomwekea mkidhani mnamsaidia: nondo na unene. Udongo ukikauka hunywea, nondo hainywei. Kwa hiyo hata kabla ya moto udongo ulikuwa unajibana kuizunguka nondo, na nyufa zikaanzia ndani msikoziona. Mkishaingiza tanurini mambo yanageuka. Sasa chuma ndicho kinachotanuka, karibu mara mbili ya udongo, na kinausukuma kutoka ndani. Unene nao una yake. Ukuta wa sentimita saba au nane unaweza kuwa mkavu kabisa kwa nje huku moyo wake bado una maji, na lita moja ya maji ikigeuka mvuke inataka nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Nina hakika mlipuko mliusikia mapema, moto ukiwa bado mdogo, wala si usiku tanuri likiwa jekundu. Huo ni mvuke, hauna mwingine wa kumsingizia.

Dawa yake mnaijua tayari, mnaifanya kila siku kwenye vyungu: ukuta mwembamba, unene mmoja kila mahali, wazi ndani. Kwa kitu cha kukaliwa na watoto sentimita mbili hadi mbili na nusu zinatosha. Udongo uwe na vigae vilivyosagwa, robo ya mchanganyiko hivi, ili mvuke upate njia na kunywea kupungue. Hapo kwenye kusaga muwe waangalifu. Vumbi la vigae vikavu ni baya kwa mapafu kama lile la migodini. Nyunyizeni maji, fungeni pua na mdomo. Mwaka 2010 msanii wa China, Ai Weiwei, alimwaga mbegu milioni 100 za alizeti kwenye sakafu ya jumba la Tate Modern, London, kila moja ya kauri na imepakwa rangi kwa mkono, watu watembee juu yake na kujilaza. Baada ya siku chache tu wageni walizuiwa kuzikanyaga. Sababu ilikuwa vumbi lililotimka kila nyayo zilipozisugua. Kazi iliyotengenezwa iguswe ikaishia kutazamwa kwa mbali.

Kujua kama kipande kimekauka, kiwekeni shavuni. Shavu lina akili kuliko kiganja cha mfinyanzi ambacho kimekwisha kuwa sugu. Kikiwa cha baridi, bado maji yanatoka, rudisheni kivulini. Na mwaangalie upepo wa ziwani wa mchana, unakausha upande mmoja na kuuacha mwingine, kipande kinapinda kama kandambili iliyoachwa juani. Funikeni kwa nailoni siku tatu nne za mwanzo. Moto upandisheni polepole, hasa kinapoanza kuonekana chekundu cha mbali gizani, kwa sababu kwenye nyuzi 573 mchanga ulio ndani ya udongo hutanuka ghafla, na moto ukishuka kwenye alama hiyohiyo hunywea ghafla. Wengi wanaumia kwenye kushuka. Tanuri limezimwa, kijana ana haraka ya kuchungulia, anatoa matofali mawili ya mdomoni, upepo unaingia, unasikia "ti!" Hiyo "ti" ni wiki sita za kazi.

Nije kwa fundi wenu. Ana haki ya kusema zege ni imara, lakini amechanganya mambo. Wanaosoma vitabu vya Ulaya hukuta onyo kwamba udongo uliochomwa kwa moto mdogo usiwekwe nje, kwa sababu unanyonya maji. Onyo hilo ni la barafu. Maji yakiganda hutanuka kama asilimia 9, yakiwa ndani ya kigae yanakipasua. Mwanza haigandi. Tofali la kuchoma linalonyonya maji mpaka kushiba linakaa kwenye kuta za mji wenu miaka na miaka. Chumvi ya bahari inayokula kuta za Tanga na Dar es Salaam kwenu haipo, ziwa ni maji baridi. Adui zenu ni wadogo: ukungu wa kijani wakati wa masika, na chumvi nyeupe inayopanda kutoka ardhini na kwenye saruji mbichi. Wekeni nailoni nzito chini ya msingi, basi.

Kuhusu wizi, fikirini anayeiba vitu vya bustanini anaviuza wapi. Kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Kinachong'olewa ni mfuniko, ni waya, ni bomba, ni nondo iliyochungulia. Sijawahi kusikia mtu amepeleka kigae kwenye mizani ya chuma chakavu. Ndiyo maana nawaomba msiingize hata skrubu moja inayoonekana. Na kijana wenu yeyote aliyesoma umeme akija na wazo la kuweka vitambuzi ndani ili samaki aimbe akiguswa, mpongezeni, kisha mwambieni afanye hilo ndani ya jengo lenye mlinzi. Kwa kweli linawezekana, udongo mkavu haupitishi umeme na utepe wa shaba uliobandikwa kwa ndani unaweza kuhisi mkono kupitia kigae chembamba, kama kioo cha simu. Lakini kando ya ziwa shaba ile haitamaliza mwezi.

Udongo una jambo jingine ambalo zege haina. Zege iliyopakwa rangi ikishikwashikwa inachakaa na kubabuka. Udongo ukishikwashikwa unang'aa. Angalieni mdomo wa mtungi wa maji uliotumika nyumbani miaka kumi, pale kata inapogusa na mikono inaposhika: umelainika kama ngozi. Sanamu ya kuguswa itengenezwe kwa kitu kinachopendeza zaidi kadiri kinavyoguswa. Hapo ndipo ninapotaka muanze kuchora. Kabla ya kufikiria samaki ataonekanaje, fikirini mtoto atamshika wapi, atakaa wapi, atapiga nini. Samaki atatokea humohumo.

Kwa hiyo ushauri wangu: msijenge samaki mzima. Jengeni nusu ya samaki, aliyezama ardhini kama anaogelea mchangani. Urefu mita zenu mbili na nusu zibaki, lakini mgongo usizidi kiuno cha mtu mzima. Mtoto akiteleza ateleze kwenye mchanga mnene, si kwenye kokoto. Moyo wa samaki uwe mawe na saruji. Mawe Mwanza mtakosa? Mji wenyewe umekaa juu yake. Juu ya moyo huo mviringo mnapanga ngozi ya udongo, na ngozi yenyewe ni magamba, kila gamba kipande chake.

Hili la vipande ndilo jibu lenyewe, mengine ni maelezo. Sato wa kipande kimoja akivunjika ameisha. Sato wa magamba akivunjika gamba, linabanduliwa, linapachikwa jingine. Gamba linabebwa kwa mkono mmoja, linakauka sawasawa, linaingia kwenye tanuri lolote la matofali, na moja likipasuka motoni humlilii mtu. Fanyeni kalibu moja ya mbao au ya plasta. Kwa ukubwa mnaousema nakadiria mia na ishirini hivi kwa ubavu mmoja pamoja na mgongo. Chomeni mia na hamsini, thelathini zifungiwe stoo kwa mtu anayejulikana. Kichwa kielekee juu kidogo na mkia chini, magamba yalaliane kuelekea mkiani kama vigae vya paa, mvua iteremke isiingie nyuma. Kupima kunywea, chora mstari wa sentimita 10 kwenye kipande kibichi, kausha, choma, pima tena. Ukikuta 9, basi gamba mnalotaka liwe na sentimita 18 mlikate likiwa 20. Kila udongo una namba yake, wa Kirumba si wa Magu. Msiazime namba ya jirani.

Wazo la ngozi ya vigae juu ya moyo wa kitu kingine si langu, na limekwisha kufanyiwa mtihani. Barcelona kuna bustani ya Park Güell iliyojengwa kati ya 1900 na 1914 na msanifu majengo Antoni Gaudí. Kwenye uwanja wake mkuu kuna benchi refu linalojipinda kama nyoka, limefunikwa vipande vya vigae vilivyovunjwa, kazi ambayo msaidizi wake Josep Maria Jujol alikuwa na mkono mkubwa ndani yake. Watu wamelikalia kwa zaidi ya miaka mia. Limekuwa likikarabatiwa, ndiyo, na linakarabatika kwa sababu ni vipande.

Sasa huo ni ubavu mmoja. Ubavu wa pili msiuvishe magamba. Uacheni mapanki.

Najua mtacheka. Lakini hakuna umbo linalojulikana Mwanza kuliko samaki aliyeondolewa minofu akabaki kichwa, mkia na mbavu. Najua pia kwamba mapanki halisi ni ya sangara wa viwandani, mtaa utawasamehe, na mabishano ya "huyu sato au sangara?" ndiyo yatakayowaleta watu kumtazama. Na mbavu zile ni ala ya muziki. Ubavu wa udongo uliochomwa vizuri, ukiegemezwa mahali panapofaa, unalia.

Mnalijua hili kutoka sokoni. Mama anayenunua chungu anakigonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza. Kizima kinalia, chenye ufa kinajibu kama kopo. Ng'ambo ya mkoa wenu, kwenye miamba ya Moru ndani ya Serengeti, kuna jiwe kubwa ambalo watu wamekuwa wakiligonga muda mrefu kiasi kwamba limejaa vishimo, na kila kishimo kina sauti yake. Mnachofanya ninyi ni jambo hilohilo kwa udongo.

Chukueni ubavu wa urefu wa sentimita 40, upana 6, unene 2. Ukiulaza wote kwenye saruji haulii kabisa, sauti inamezwa. Ukiushika katikati, haulii. Sehemu mbili tu ndizo zinazotulia ubavu unapotetema, na zipo asilimia 22 ya urefu kutoka kila ncha, yaani sentimita 9 kwa ubavu huu. Hapo ndipo unapoegemezwa, juu ya vipande vya mpira wa tairi, na hapo ndipo unapotobolewa tundu, udongo ukiwa umekazana kidogo lakini haujakauka, ili kamba ya nyavu ipite na kuufunga. Wenye marimba za mbao hufanya vivyo hivyo. Mkitaka sauti ipande, fupisheni. Sauti haiendi na urefu moja kwa moja: ubavu wa sentimita 28 wenye unene uleule utalia karibu mara mbili juu ya ule wa 40, wanamuziki wanasema ni noti ileile ghorofa ya pili. Mbavu saba kati ya hapo zinatosha mtoto kupiga wimbo anaoujua. Msihangaike na usahihi wa kanisani. Chongeni kidogo kwenye ncha kwa jiwe la kunolea, sauti inapanda. Punguzeni unene wa katikati, inashuka.

Mbavu zinataka moto mkali kuliko magamba. Moto wa tanuri la matofali, wekundu wa cheri, ni nyuzi 800 hadi 900, na kigae chake kinalia kizito kidogo. Ukifika rangi ya chungwa inayokaribia manjano, nyuzi 1,100 hivi, kinaanza kulia kama kengele, ilimradi udongo wenu unaweza kufika hapo bila kulegea. Jaribuni kipande kimoja kwanza karibu kabisa na mdomo wa moto. Kikipinda, rudini chini kidogo mridhike na sauti nzito. Pumba za mpunga mnazo tele, zimwageni kuzunguka tanuri zishike joto, zinasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Kigongo cha kupigia msikifunge kwa mnyororo. Watoto watapiga kwa kandambili, na kandambili ndiyo nyundo bora kuliko zote kwa kigae.

Matundu nawaonya kwa uchungu. Miaka ya nyuma nilitengeneza mitungi sita mikubwa ya sauti kwa uwanja wa shule moja. Ilikuwa na tundu la pili ubavuni, kama wafanyavyo Waigbo wa Nigeria kwenye mtungi wao wa udu: ukipiga kiganja kwenye tundu, hewa ya ndani inanguruma. Watoto waliipenda mno. Wiki ya pili binti mmoja wa darasa la kwanza akaingiza mkono mpaka kiwiko, ukakwama. Mafuta ya kupikia hayakusaidia, sabuni haikusaidia, mtoto akaanza kulia na mkono ukavimba. Nikauvunja mtungi kwa nyundo ya seremala, nimeufunga kitambaa, pigo dogodogo, na kila pigo mama yake akinitazama. Alitoka bila mkwaruzo. Baada ya masika nikaitwa tena: mitungi mitano iliyobaki ilikuwa imejaa maji na viluwiluwi vya mbu. Nilikuwa sijatoboa vitako. Tangu hapo sheria yangu ni moja. Tundu liwe dogo kidole cha mtoto kisipite, au liwe kubwa mtoto mzima aingie na kutoka mwenyewe. Na chochote chenye mdomo kiwe na njia ya maji chini. Mdomo wa sato wenu ama uzibeni kabisa, ama uwe pango la kukaa.

Rangi za kung'aa kama kioo, glezi, mziache kwenye sehemu za kukalia. Zinateleza zikilowa, na zikimeguka zinakata kama wembe. Mkitaka rangi, pakeni uji wa udongo mweupe au mwekundu kabla ya kuchoma, mkausugue kwa jiwe laini. Atakayewaletea poda ya risasi kutoka betri za gari ili "ing'ae", mfukuzeni. Watoto wadogo hulamba kila kitu. Na msimpe samaki mgongo mweusi. Saa nane mchana hakuna atakayekaa.

Mahali ndipo penye neno zito zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Pimeni kwa futi ya kamba, msikadirie kwa macho, na barua ya halmashauri mwe nayo mkononi kabla ya jiwe la kwanza. Hata kusingekuwa na sheria ningewaambia hivyo. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likawafuata watu majumbani, na mwaka 2024 likapanda tena. Na kichocho kipo. Mtoto aliyechafuka mchangani akiona maji hatua kumi mbele, ataingia kunawa. Wekeni sato juu, ambako maji yanaonekana kwa mbali, na kama mtaa unaweza, bomba la kunawia liwe karibu yake.

Bado kuna kitu hamkuuliza. Ninyi ni saba, magamba ni mia na hamsini. Msiyafanye yote wenyewe. Udongo uwahi ungali maji, walisema wazee, na gamba bichi linapokea chochote. Siku mbili za Jumamosi bebeni magamba mabichi mpaka soko la samaki la Mwaloni, wauza dagaa wabonyeze dagaa wao, wavuvi wabonyeze fundo la nyavu, bodaboda wakitaka wabonyeze alama ya tairi. Baadaye kila mmoja ataleta mwanawe kutafuta gamba lake kwa kidole, na huyo ndiye atakayemfokea anayepiga samaki kwa jiwe.

Kwa upande wenu wa ziwa hili si jipya hata kidogo. Vyungu vya Urewe, vilivyopewa jina la kijiji cha Siaya huko Kenya na kuokotwa mpaka Kagera, vya kale zaidi vina zaidi ya miaka elfu mbili, na vingi vina kishimo kwenye kitako kilichobonyezwa udongo ukiwa mbichi. Ukikishika kipande chake, kidole chako kinaingia palepale. Na mwaka 1929 huko Luzira, karibu na Kampala, kilifukuliwa kichwa cha mtu cha udongo wa kuchoma, cha sanamu iliyosimama kando ya ziwa hilihili kabla ya yeyote wetu. Kipo kwenye jumba la makumbusho la British Museum, London, hakiguswi.

Anzeni na magamba kumi na mbavu mbili tu. Zichomeni, zilowekeni ndoo ya maji usiku kucha, zianikeni, mrudie mara tano, kisha mziangushe mchangani kutoka urefu wa kiuno. Zikibaki nzima, mpelekeeni mwenyekiti wa mtaa na huyo fundi wa zege, mpigeni ubavu mbele yake. Yeye ndiye mtakayemhitaji kujenga moyo wa mawe, kwa hiyo msigombane naye. Nondo zilizobaki warudishieni wenye duka, kama bado wanakubali kupokea.